Wakafungua Mlango

Jumamosi, 3 Februari

Kwako Mama Mdogo,

Mwalimu wa lugha anasema barua ianze na afya. Afya ipo. Mdogo wangu Kidonge ana mafua, lakini Kidonge kuwa na mafua si habari, ndivyo alivyo. Mama anashona sare za shule, sebule nzima ni vitambaa vya bluu, ukikaa vibaya unainuka na pini. Baba amejaza ua kwa mafriji mabovu ya watu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua. Kwenye simu nakuwa kama redio iliyoishiwa betri. Juzi ulipopiga nilikuwa na mambo tele ya kukuambia, nikasema "mm" na "ndiyo", halafu nikampa Mama simu. Kwa kalamu ndiyo naongea. Shuleni ni vilevile. Nikiitwa kusoma mbele ya darasa koo linafunga, na wale wa viti vya nyuma wanaanza, "Ongeza sauti, Konokono!" Jina ulilonipa wewe kwa mapenzi limefika mpaka huko, sijui nani kalipeleka.

Shida yangu ni hii. Tumepewa insha, kwa lugha zote mbili tunazofundishiwa: "Kwa nini kitabu hufurahisha?" Mwalimu ameshatoa onyo kwamba hataki kusikia habari za riwaya za mapenzi zinazouzwa stendi, wala vitabu vya picha vya watoto. Mimi nisomavyo ni hivyo viwili tu! Riwaya zako nimezisoma zote, hata ile Mama anayoificha chini ya godoro (usimwambie najua). Vitabu vya picha namsomea Kidonge. Wewe unaandika vya aina ya kwanza na kutafsiri vya aina ya pili, kwa hiyo nisaidie.

Halafu asante kwa "Soksi Moja". Kidonge amekipenda mpaka kero. Nikitoka shule, kabla sijavua viatu, ananivuta chumbani kwetu. Unakijua kinavyokwenda: mtoto kapoteza soksi, anazunguka nyumba nzima. "Akafungua mlango. Akachungulia. Hamna!" Na Kidonge anaipiga hiyo "Hamna!" kwa nguvu zake zote, mpaka juzi mteja mmoja wa Baba aliyekuwa uani akauliza kama friji lake ndiyo limeshindikana.

Ila kuna kitu nilitaka kukuuliza. Kuanzia ule mlango wa stoo, ulibadilisha makusudi? "Wakafungua mlango. Wakachungulia. Hamna." Kidonge alinisimamisha hapohapo. "Nani na nani?" Nikamwambia labda mtoto na paka. "Paka yuko wapi?" Kweli, pichani hakuna paka. Kuna mtoto mmoja na mlango. Nikaona huo ni ufundi wako, kumfanya msomaji amtafute mwingine kwenye picha. Ni ufundi? Nataka kuutaja kwenye insha.

Nakupenda kwa maandishi,
Konokono


Jumatatu, 12 Februari

Konokono wangu,

Nimecheka peke yangu ofisini mpaka bosi kachungulia. Mwambie mwalimu wako kwamba wauza mitumba wa stendi wanasoma riwaya zangu mpaka jalada linabanduka, wanalibandika kwa gundi, wanasoma tena. Yeye kitabu chake nani amekibandika? Au basi, usimwambie, nataka ufaulu.

Sasa sikiliza. Kitabu cha picha kina siri moja: mtoto ajue kitu ambacho maneno hayakisemi. Maneno yanasema "hamna", na huku picha inaonyesha ncha ya soksi imetokeza kwenye pindo la pazia. Mtoto akiiona anajisikia mjanja kuliko mtu mzima anayemsomea. Ndiyo maana wewe unachoka na yeye hachoki. Yeye hangoji kujua kitakachotokea, keshajua zamani. Anangoja kuwa wa kwanza kukisema. Na ule ukurasa nao ni mlango, mwenye kitasa ni yeye. Usimgeuzie hata siku moja, mwache ageuze mwenyewe.

Riwaya zangu ni hivyohivyo, nimeongeza tu mabusu na ugomvi wa mirathi. Namfikisha dada wa watu mlangoni, mkono kwenye kitasa. Msomaji anajua nani yuko ndani, dada hajui. Nakata sura. Wewe uliko unapiga kelele kichwani, "Usifungue!" Unamwambia nani? Dada ni wino. Lakini unasema, na ukisema unasikia raha, na mwili unasisimka. Nimekaa na kazi hii miaka, na jibu langu ni kwamba anayefurahia kitabu hasomi peke yake. Ndani yake wako wawili, mmoja anakwenda mbele na mwingine anamvuta nguo amsubiri. Andika hivyo, halafu useme umefikiri mwenyewe.

Kuhusu "wakafungua", mimi sikuandika hivyo. Mtoto ni mmoja kitabu kizima, na upweke wake ndio unaochekesha. Herufi moja tu, w, na hadithi imeharibika! Nitamnyonga mpiga chapa kwa uzi wa mama yako. Ukiweza nitumie hiyo nakala nimsute nayo.

Mbusu Kidonge, ukishamfuta makamasi.

Mama yako Mdogo


Ijumaa, 23 Februari

Mama Mdogo,

Insha imerudi. Mwalimu ameandika pembeni kwa wino mwekundu, "Mawazo mazuri, chanzo hafifu." Chanzo ni wewe. Pole.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo. Juzi nilipotoka shule nilikaa kwanza na Mama kumsaidia kukunja sare. Kidonge akaja na kitabu, akasimama mbele ya Mama, akasema, "Waambie wanisomee."

Baba alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, akaangua kicheko. "Ehee! Siku hizi binti yangu mheshimiwa, anatajwa kwa wingi! Haya waheshimiwa, mtoto anaomba kusomewa." Hata mimi nikacheka.

Mama hakucheka. Aliondoa mguu kwenye mashine. Akamwuliza Kidonge taratibu, "Wakusomee akina nani, baba?"

"Dada na mwenzake."

"Mwenzake yupi?"

"Yule anayesoma kwa nguvu. Yeye hana aibu kama Dada."

Mama akaniambia nimsomee palepale sebuleni, asikie. Nikasoma. Nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu. Nikimsomea Kidonge, koo halifungi. Sauti inatoka yenyewe, nene, pana, haina wasiwasi na mtu, na mimi naisikiliza na kuipenda kama ni ya mtu mwingine. Nilipofika mlango wa stoo nikasema, "Wakafungua mlango," na Mama akainuka akanitoa kitabu mkononi. Hakuwa na hasira. Vidole vyake vilikuwa vya baridi.

"Basi. Hiki hakisomwi tena humu ndani. Wala kingine chochote. Mpaka mama yako mdogo anieleze kaandika nini."

Halafu akaniuliza, "Nani alikuwa anasoma nawe?"

Nikasema Kidonge.

"Kidonge alikuwa na kidole mdomoni," akasema.

Baba akataka kutia utani, akamtazama Mama, akaenda zake uani.

Tafadhali, Mama Mdogo. Kile chumba, ile alasiri, ndipo mahali pekee duniani ninaposema kitu kwa sauti. Shuleni sisemi. Dukani naonyesha kwa kidole. Mama akipafunga hapo nitanyamaza jumla, najijua. Tangu juzi Kidonge anakaa kwenye kizingiti cha chumba chetu ananiangalia kama nimemnyang'anya kitu, na mimi kila nikifungua mdomo kumbembeleza, hakitoki kitu. Mwandikie Mama, mwambie ni kosa la mpiga chapa. Nakala nimeichukua kabatini kwake bila kumwambia, nimempa mteja wa Baba anayekuja huko kwenu. Iangalie mwenyewe. Iko kuanzia kwenye stoo.

Konokono


Jumapili, 4 Machi

Mwanangu,

Kitabu kimefika, na alama ya dole la grisi kwenye jalada.

Nimekisoma mezani kwangu, mlango kwa mlango. Mlango wa jikoni, "Akafungua." Wa bafuni, "Akafungua." Wa stoo, mwanangu, "Akafungua." Mpaka wa mwisho. Nikadhani ni macho yangu. Nikamwita kijana anayetupangia kurasa, nikamwambia soma kwa sauti, usiruke hata nukta. Akasoma, "Akafungua mlango. Akachungulia." Akaniuliza kama naumwa. Nikachukua nakala nyingine kwenye rafu. A. Hakuna hiyo w kwenye milango ya kitabu hiki, na haijawahi kuwepo.

Sitamwandikia mama yako uongo juu ya mpiga chapa, hata kwa ajili yako. Najua utanuna.

Nimeongea naye kwenye simu. Amekubali usome mara moja, mlango wenu ukiwa wazi. Humu nimetia kitabu chenyewe nilichokitafsiri, kwa ile lugha ya kigeni mnayofundishiwa shuleni. Msomee Kidonge hiyo. Maneno hatayaelewa yote lakini picha anazijua.

Halafu nijibu swali moja, na usinijibu kwa haraka. Kidonge akikuuliza "nani na nani", huwa anaangalia wapi?

Mama yako Mdogo


Ijumaa, 9 Machi

Mama Mdogo,

Mwanzo nilikasirika. Nilianza kuandika, "Kwa hiyo mimi sijui kusoma?" nikaichana. Sasa hasira imekwisha, kimebaki kitu kingine ambacho sikijui jina.

Nilisoma hiyo nakala jana alasiri. Mlango wazi, Mama sebuleni, mashine imenyamaza, najua anasikiliza. Na koo likafunga, Mama Mdogo! Mbele ya Kidonge, ambaye sijawahi kumwonea haya hata siku moja. Nilisoma kama ninavyosoma darasani, kisauti kama cha mbu. Maneno yote nilikuwa nayajua na hakuna lililonichangamsha. Kidonge akaanza kuchezea kucha za miguu.

"Mwenzako hajui hii lugha," akasema. "Anangoja."

"Anangoja wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka swali lako. Niliweka kitabu chini nikamwangalia macho. Siku zote nilidhani anaangalia picha, maana sote tulikuwa tumeinamia kitabu kimoja. Haangalii picha. Anaangalia bega langu la kushoto, juu kidogo, kama unavyomwangalia mtu aliyesimama nyuma ya kiti anachungulia unachosoma.

Nikamwuliza, "Ana viatu?" Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

"Hana. Ni mkubwa sawasawa na wewe." Akafikiri kidogo. "Mkinuna ndiyo mnafanana zaidi."

Akacheka, akatoka kwenda kucheza, akaniacha nimekaa. Sikugeuka. Nilisikia Mama anaburuta kiti sebuleni, lakini hakuja.

Pale sikuogopa. Niliogopa baadaye, bafuni, nikinawa uso. Nilijaribu kusema bila kitabu, kwa lugha yetu, lile neno moja. Nilitaka kusema "akafungua". Mdomo ulisema "wakafungua". Nikarudia polepole, nikiangalia midomo yangu kwenye kioo. Midomo ilikuwa bado imefumbika na w nimeshaisikia.

Lugha ya shuleni nilifundishwa, nakumbuka darasa, nakumbuka dawati, nakumbuka nilivyokuwa peke yangu. Hii yetu sikumbuki nilianza lini. Baba husema nikiwa mchanga nilikuwa nacheka mwenyewe kitandani kama naongeleshwa, na akisimulia hivyo Mama hutoka chumbani. Nilidhani hapendi kusikia jambo moja kila mara.

Mnajua kitu, wewe na Mama. Baada ya simu yako alikuwa na macho mekundu, akasema ni vumbi la vitambaa. Niambieni. Nisiposoma nitanyamaza, na nikisoma kuna mtu. Nitachaguaje na mtu mwenyewe simjui?

Konokono


Alhamisi, 15 Machi

Mwanangu,

Ingekuwa riwaya yangu, hapa ningekata sura. Ningekuacha na kitasa mkononi na ungenunua kitabu kinachofuata kwa hela ya daftari. Hiyo ndiyo kazi yangu, kumjulisha msomaji kabla ya mwenyewe. Leo kazi yangu naichukia.

Lakini neno hili si langu. Ni la dada yangu, na linatakiwa kutoka mdomoni mwake, si kwenye kalamu ya mtu mwingine. Nimemwambia wakati umefika. Amenikatia simu, kisha amenipigia mwenyewe.

Usimwulize mbele ya Kidonge. Usimwulize akiwa kwenye mashine, atajichoma. Akija kukaa kitandani kwako, wewe nyamaza tu. Kunyamaza unakujua kuliko sisi sote.

Ukishajua, niambie kama unaogopa. Nitapanda basi siku hiyohiyo.

"Soksi Moja" nakurudishia. Sikusahihisha kitu.

Mama yako Mdogo


Jumamosi, 31 Machi

Mama Mdogo,

Usipande basi.

Mama alikuja Jumapili, Baba alipokwenda na Kidonge kutafuta gesi ya friji. Alikaa kitandani kwangu, akanishika mguu juu ya shuka kama vile naumwa. Nilinyamaza, kama ulivyosema. Akasema, "Mlikuwa wawili."

Alitangulia yeye, pacha wangu. Mama anasema alitoka na kilio ambacho wodi nzima ilikisikia, manesi wakacheka, wakasema huyu atakuwa mwalimu wa mchakamchaka. Mimi nikafuata bila sauti. Wakanipiga mgongoni, kimya. Wakanigeuza, kimya. Wote wakajua mimi ndiye sitakaa. Kulipokucha mimi nilikuwepo na yeye hayupo, na hakuna aliyeweza kueleza. Wakakubaliana wasiniambie, wasinitwike mzigo mimi mtoto. Ndiyo maana wewe uliniita Konokono, ili kimya changu kiwe cha kuchekesha kidogo. Mama aliniambia na hilo.

Alinitajia jina lake. Sitaliandika hapa, bado nalizoea mdomoni.

"Siku ile ulipokuwa unasoma sebuleni," akasema, "niliisikia ile sauti. Nimeishika kichwani miaka yote hii, siwezi kuikosea. Imekua. Imekuwa ya msichana mkubwa."

"Kwa hiyo ukanikataza."

"Niliogopa atakuchukua."

"Na sasa?"

Aliangalia vidole vyake, vimejaa alama za sindano. "Sasa naogopa nikikukataza nitawanyamazisha wote."

Uliniuliza kama naogopa. Naogopa, ndiyo. Naogopa kama ninavyoziogopa riwaya zako, yaani sitaki kufungua na siwezi kuweka chini. Nilifikiri nitalia, sikulia. Nilichokuwa nafikiria ni kwamba watu wote hunionea huruma kwa kuwa kila mahali naingia peke yangu, kumbe sivyo.

Leo alasiri Mama alifunga mashine akaja chumbani kwetu na bakuli la vifungo. Akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kushonea vifungo kwenye mashati. Sikumwita mtu, lakini Baba naye akaja, eti kuangalia bawaba ya dirisha, dirisha ambalo halina shida yoyote. Kidonge akapanda kitandani, akanisukuma na kiwiko.

"Sogea. Sogea tena. Mbanane."

Nikasogea. Baba akachoka kujifanya fundi wa madirisha, akataka kukaa pale pembeni yangu, upande wa kushoto.

"Hapo pana mtu!" Kidonge akamkemea.

Unamjua Baba, hakuna kitu asichokifanyia mzaha. Nilimsubiri aseme kitu. Alisimama amekunja magoti nusu, akapaangalia pale mahali patupu, akasema kwa sauti ya chini, "Samahani, mama." Akaenda kukaa sakafuni karibu na Mama.

Nikafungua kitabu. Niliweka kidole chini ya neno, nikaliangalia vizuri. "Akafungua." Lilikuwa wazi kabisa, a kubwa nyeusi, mtoto mmoja na mlango mmoja. Kidonge alikuwa ameshika pembe ya ukurasa, tayari.

Mama hakuinua macho kwenye vifungo vyake. "Haya," akasema, "someni, wanangu."

Koo lilikuwa wazi. Lakini sikuanza. Nilisubiri kidogo, kuona nani ataanza.

Konokono